Meza Inayomfuata Mtu

Saa mbili na dakika tano asubuhi, mhasibu ameketi mbele ya kompyuta, mkoba bado uko begani. Idara yao imehamishiwa ghorofa ya pili, na mashine hii hajawahi kuikalia. Ameshaandika nywila. Kwenye skrini kuna neno la kukaribisha na vidoti vinavyozunguka. Saa mbili na dakika kumi anainuka kwenda kuchemsha maji ya chai. Saa mbili na robo amerudi na kikombe, vidoti bado vinazunguka. Jirani yake, ambaye naye ni mgeni kwenye mashine yake na aliingia dakika hiyohiyo, ameshajibu barua pepe tatu.

Kompyuta zao zilinunuliwa siku moja na nguvu zake ni sawa. Tofauti iko kwenye seva, katika chumba kidogo cha nyuma, ndani ya folda mbili zenye majina yao. Folda ya jirani ina megabaiti 60. Ya mhasibu ina gigabaiti 9, na humo mna video ya harusi ya mdogo wake, picha za viwanja na ripoti za miaka minne.

Kila mtu anayetumia Windows ana profaili. Ni folda yenye jina lake ndani ya C:\Users, na ndani yake mna kila kinachoifanya kompyuta ionekane kuwa yake: nyaraka, deskitopu, vitu alivyopakua, picha, folda iliyofichwa ya AppData ambamo programu huweka mambo yao, na faili moja iitwayo NTUSER.DAT iliyobeba kipande chake cha rejista ya Windows. Printa aliyoizoea, picha aliyoiweka nyuma ya ikoni, namna anavyotaka tarehe iandikwe, vyote vimo humo. Kwa kawaida folda hiyo hubaki kwenye mashine ilikozaliwa. Profaili inayohama hubadilisha jambo moja tu: nakala kuu hukaa kwenye seva. Mtu akiingia, Windows huishusha. Akitoka, huyapandisha yaliyobadilika. Kesho akikaa mahali pengine, anaikuta meza yake.

Maafisa TEHAMA wengi hukimbia jambo hili. Wamelijaribu mara moja, asubuhi ikawa foleni ya malalamiko, wakalizima na kuapa kutolirudia. Wengine husema teknolojia yenyewe ni kuukuu. Nimeishi nayo miaka mingi na naona lawama hiyo imepelekwa kwa asiyehusika. Profaili inayohama hufanya ilichoagizwa: kubeba kila kitu. Kosa ni la ofisi iliyoiwasha bila kujiuliza ni kitu gani hasa kinastahili kubebwa.

Wazo la mtu kukaa popote na kukuta vitu vyake lina umri mkubwa kuliko Windows. Mwaka 1983 chuo cha MIT nchini Marekani kilianzisha mradi wa Athena, ili mwanafunzi akae mbele ya kompyuta yoyote ya chuo na kupata faili zake. Kerberos, utaratibu wa kuthibitisha utambulisho ambao domeni za Windows zinautegemea mpaka leo, ulizaliwa katika mradi huo. Mwaka uliofuata kampuni ya Sun Microsystems ilibuni NFS, na kwa wenzetu wa Unix ikawa kawaida kwamba folda ya nyumbani ya mtu iko kwenye seva, na mashine aliyoikalia inaiunganisha tu. Hakuna kinachonakiliwa. Kila faili inasomwa kupitia waya wakati inapohitajika.

Microsoft ilichagua njia nyingine. Profaili zinazohama zilizoenea pamoja na Windows NT 4.0 mwaka 1996 zinanakili. Uchaguzi huo una sababu ya maana: mtandao ukianguka saa tano asubuhi, mtu ambaye profaili yake imenakiliwa kwenye mashine anaendelea na kazi, na yule ambaye folda yake imeunganishwa kutoka mbali anakwama hapohapo. Kwa ofisi ambayo swichi yake ya mtandao huzimika kila umeme unapoyumba, hilo si jambo dogo. Ila kunakili kuna gharama mbili. Kunachukua muda, na kunazaa nakala mbili zinazoweza kutofautiana. Karibu kila tatizo nitakalolitaja hapa linatokana na moja ya hizo mbili, na afisa TEHAMA anayejua linatokana na ipi ameshamaliza nusu ya kazi.

Tuanze na muda, kwa hesabu ya kawaida. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, ambao bado uko kwenye swichi nyingi za zamani, hupitisha megabaiti 12 hivi kwa sekunde mambo yakiwa mazuri kabisa. Gigabaiti 9 za mhasibu wetu zinahitaji zaidi ya dakika 12, hata kama yuko peke yake mtandaoni. Badili swichi, weka gigabiti moja, halafu walete watu 30 saa mbili kamili, kila mmoja na gigabaiti 4. Hizo ni gigabaiti 120 zinazopita kwenye waya mmoja wa seva, na waya huo ukifanya kazi kwa nguvu zake zote utahitaji kama dakika 17. Seva yenye diski za kuzunguka haitafika hapo, maana profaili imejaa faili ndogondogo, na kila faili ndogo ina mazungumzo yake: kufunguliwa, kuulizwa tarehe, kuulizwa ruhusa, kufungwa. Faili moja ya megabaiti 500 hushuka upesi kuliko faili 50,000 ambazo jumla yake ni hizohizo megabaiti 500.

Ni kweli kwamba mtu akirudi kwenye mashine aliyoitumia jana, Windows hulinganisha na kushusha yaliyobadilika tu. Lakini ofisi inayowasha profaili zinazohama ni ile ambayo watu wake wanahama. Huwezi kujenga mpango juu ya siku ambazo hawakuhama.

Basi ndani ya profaili mna mizigo ya aina tatu, na kuichanganya ndiko kunakoharibu kila kitu. Kuna mipangilio: midogo, inabadilika mara kwa mara, na bila hiyo mtu anajiona mgeni. Kuna kazi: nyaraka, hesabu, picha, vitu ambavyo mwajiri angelia vikipotea. Na kuna takataka za lazima, zile akiba ambazo programu hujiwekea ili zifunguke upesi, na ambazo zikifutwa hutengenezwa upya bila mtu kujua. Mipangilio inafaa kunakiliwa. Kazi inafaa kukaa mahali pamoja kwenye seva na kusomwa kutoka hapo. Takataka zibaki kwenye mashine.

Windows yenyewe imejaribu kutenganisha. AppData ina watoto watatu, Roaming, Local na LocalLow, na ni Roaming pekee anayesafiri. Tatizo ni kwamba waandishi wa programu hawakukubaliana nani anakaa wapi. Firefox huweka mambo ya mtumiaji kwenye Roaming na akiba yake kwenye Local, kama inavyopasa. Chrome huweka karibu kila kitu Local, kwa hiyo mtu akihama mashine anakuta alamisho zake hazipo mpaka aingie kwa akaunti ya Google au msimamizi awashe sera mahususi ya Chrome ya profaili zinazohama. Teams ya zamani ilifanya kinyume, ikirundika akiba yake ndani ya Roaming, na nimeona folda zilizovuka gigabaiti moja kwa sababu ya hiyo peke yake. Dawa ni sera ya kutenga folda: unaandika majina ya folda zisizosafiri, na Windows inaziruka. Kabla ya kuiandika orodha hiyo, fungua profaili tatu au nne zilizo kubwa kuliko zote, zipange kwa ukubwa, uone kilichozijaza. Orodha ya ofisi nyingine haitakufaa.

Kazi za watu zina dawa yake, ambayo imekuwepo tangu Windows 2000: kuelekeza folda kwingine. Kupitia Sera za Kundi za domeni, unaiambia Windows kwamba folda ya nyaraka, deskitopu, vilivyopakuliwa na picha za mtumiaji haziko tena ndani ya profaili, bali ziko kwenye seva, kwa mfano \\seva\nyaraka$, kila mtu na yake. Mtumiaji haoni tofauti. Anabofya palepale. Ila deskitopu yake sasa inasomwa kutoka kwenye seva badala ya kunakiliwa kila asubuhi, na profaili iliyobaki inakuwa mipangilio tu. Gigabaiti 9 zinageuka megabaiti chache.

Kwa maoni yangu hili halina hiari. Profaili inayohama bila kuelekeza folda ni mtego, na afadhali ofisi ikae na profaili za kawaida kuliko kuwasha nusu. Deskitopu hasa ndiyo iwe ya kwanza, kwa sababu ndipo watu wanapoweka vitu. Waambie wasiweke, wataitikia, na kesho utakuta ikoni zimejaa mpaka pembeni.

Lakini usielekeze AppData. Sera inaruhusu, na wengine huona ni njia ya mkato ya kumaliza habari nzima. Programu zinasoma na kuandika humo kila sekunde, na seva ikisita kidogo tu, kila kilichofunguka kinaganda, hata kitufe cha Windows. Kitu kingine cha kuangalia ni faili za PST za Outlook. Tangu toleo la 2010, Outlook huziweka ndani ya folda ya nyaraka, kwa hiyo ukielekeza nyaraka, barua za miaka kumi za mkurugenzi zinaanza kusomwa kupitia mtandao siku nzima. Faili hizo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na waya ukikatika vibaya zinaharibika. Zitafute kabla ya kuwasha sera, ukubaliane na wenyewe zihamie wapi.

Kuandaa mahali pa kuhifadhi si kazi ndefu, ila ni kazi ya mpangilio. Tengeneza folda kwenye diski ya data ya seva, si ile yenye mfumo. Itoe kwenye mtandao kwa jina linaloishia na alama ya dola, mfano profaili$, ili isionekane kwa kila anayepitapita. Zima uhifadhi wa nje ya mtandao kwenye folda hiyo, maana Windows ina utaratibu wake wa kunakili profaili na huo mwingine utagombana nao. Kisha ruhusa: kundi la watumiaji lipewe haki ya kuiona folda ya juu na kuunda folda ndani yake, kwa folda hiyo tu bila kushuka chini, aliyeunda folda awe na mamlaka kamili juu ya alichokiunda na vilivyomo, na mfumo wenyewe uwe na mamlaka kamili. Halafu kwenye akaunti ya mtumiaji andika njia, \\seva\profaili$\%username%, bila kuongeza chochote mwishoni. Usiunde folda ya mtu kwa mkono wako. Mwache aingie mara ya kwanza, Windows itaiunda na kumfanya mwenyewe awe mmiliki.

Mwanzoni niliona habari hii ya umiliki kuwa ya pembeni, mpaka iliponigharimu. Kwa chaguo la awali, folda ya profaili ikishaundwa msimamizi wa mtandao hana ruhusa nayo. Kuna sera ya kuliongeza kundi la wasimamizi, lakini inafanya kazi kwa folda zitakazoundwa baadaye, hairudi nyuma kwa zilizokwisha kuwepo. Katika ofisi moja niliyoifanyia kazi sikuwa nimeiwasha. Siku moja nikataka kujua folda ya mama mmoja wa masjala ina ukubwa gani. Nikazuiwa. Nikajitwalia umiliki kwa akaunti yangu, nikaona nilichotaka kuona, nikaendelea na mambo mengine.

Kesho yake mama yule aliingia. Windows ilipokagua folda yake kwenye seva ikakuta mmiliki si yeye, ikakataa kuishusha. Nakala ya mashine nayo haikuwepo, kwa sababu tulikuwa tumeweka sera ya kuifuta kila mtu anapotoka. Ikampa profaili ya muda. Ujumbe mdogo ulitokea kwenye kona, akaufunga kama anavyofunga ujumbe wa printa. Akaandika muhtasari wa kikao kuanzia asubuhi, akauhifadhi kwenye deskitopu, ambayo wakati huo tulikuwa bado hatujaielekeza. Saa kumi jioni akatoka. Profaili ya muda hufutwa yote mtu anapotoka.

Asubuhi alinikuta mlangoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Jana nimeandika pale mpaka vidole vikauma. Kazi yangu imekwenda wapi?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Niliketi naye, akanisomea kutoka kwenye daftari lake nikichapa, tukamaliza baada ya saa sita mchana. Tangu siku hiyo, kila mtandao ninaoushika nawasha mambo mawili kabla ya mtu wa kwanza kuingia: sera ya kuwaongeza wasimamizi kwenye folda za profaili, na sera inayomkatalia mtumiaji kuingia kwa profaili ya muda. Anayezuiwa mlangoni atakasirika na kupiga simu, na simu hiyo ndiyo ninayoitaka.

Sasa gharama ya pili, nakala mbili kutofautiana. Profaili hupandishwa mtu anapotoka. Kufunga skrini si kutoka. Kuzima mashine kwa kubonyeza kitufe mpaka ife si kutoka. Na katika ofisi zetu kuna tabia iliyoota mizizi ya kuzima ukutani saa kumi na moja jioni, swichi ya soketi moja ikachukua mashine nne, na mwenyewe anajiona amefanya jambo jema kwa sababu ameokoa umeme na kukwepa radi. Yaliyobadilika siku ile yamebaki kwenye diski ya mashine hiyo. Seva ina ya jana. Akikaa meza nyingine kesho, anapewa ya jana, na anasema kompyuta imesahau.

Umeme ukikatika wenyewe, matokeo ni hayohayo. Wakati mwingine unakatika katikati ya kupandisha, na ndani ya folda unakuta mabaki yenye majina yanayoanza na prf na kuishia na .tmp, vipande vya faili ambavyo havikufika mwisho wa safari. Kabla ya kununua seva yenye nguvu zaidi, nunua UPS ya swichi. Ofisi nyingi huwa na UPS kwenye seva na kwenye mashine ya mkurugenzi, halafu swichi iliyo katikati yao imechomekwa moja kwa moja ukutani. Umeme ukienda, seva iko hai, mashine iko hai, na njia kati yao imekufa. Tangu Windows 7 kuna pia sera ya kupandisha NTUSER.DAT kila baada ya muda mtu akiwa bado kazini. Haipandishi kitu kingine, lakini kwa kuwa kazi umeshaielekeza kwenye seva, hiyo ni sehemu muhimu ya kile kilichokuwa kimebaki.

Mtu akiingia kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja, NTUSER.DAT ya anayetoka mwisho ndiyo inayobaki. Faili hiyo haichanganywi kipande kwa kipande. Ni nzima au si kitu. Mpokezi wa wageni anayeacha akaunti yake wazi mapokezi na kuingia tena kwenye chumba cha mikutano atapoteza mipangilio ya upande mmoja, na hatajua ni upi.

Kuna chanzo kingine cha mkanganyiko ambacho vitabu vya nje havikitilii uzito, kwa sababu waandishi wake wanafanya kazi na mashine mpya. Ofisi nyingi huku zimejazwa kompyuta zilizotumika ng'ambo, na betri ndogo ya ubao wake, ile ya duara kama sarafu, imeshakufa. Kila mashine inapochomolewa, saa inarudi nyuma miaka. Kerberos kwa kawaida haivumilii saa kupishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5. Na utaratibu wa kuchagua faili ipi ni mpya unategemea tarehe: mashine ambayo saa yake iko nyuma hufanya faili inazoziandika zionekane za zamani, na iliyo mbele hufanya zake zionekane mpya, hivyo zinashinda hata pale ambapo hazistahili. Betri hiyo ya CR2032 inauzwa bei ya soda chache. Nimemaliza “matatizo ya profaili” ya ofisi nzima kwa pakiti moja ya betri na bisibisi.

Kuhama kutoka toleo moja la Windows kwenda jingine nako kunastahili tahadhari. Windows huongeza kiambishi mwishoni mwa jina la folda: .V2 kwa Vista na Windows 7, .V4 kwa 8.1, .V5 kwa Windows 10 za mwanzo, na .V6 kuanzia toleo la 1607 la mwaka 2016 mpaka Windows 11. Ofisi zilizotoka Windows 7 kwenda 10 ziliona wafanyakazi wakiingia asubuhi na kukuta deskitopu tupu. Hakuna kilichofutwa. Profaili ya zamani ilikuwa palepale kwenye folda ya .V2, mpya ikaanza kutoka sifuri kwenye .V5 au .V6. Waliokuwa wameelekeza folda zao walipoteza picha ya nyuma na ikoni chache tu, kwa sababu nyaraka hazikuwa sehemu ya habari hiyo. Sasa ofisi zinazoacha Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, zina nafuu: 10 na 11 zinatumia .V6 hiyohiyo.

Nani basi anahitaji haya yote? Si kila mtu. Mwenye kompyuta yake peke yake asiyeiacha hana sababu. Mwelekezee folda tu na umwachie profaili ya kawaida. Mwenye kompyuta ya mkononi anayezunguka mikoani atateseka zaidi kuliko kunufaika. Anayehitaji ni muuguzi anayeanza zamu mapokezi na kuimalizia wodini, karani wa benki anayebadilishana kaunta, mtu wa kituo cha simu anayekaa penye kiti kilicho wazi. Tangu Windows 8 na Server 2012 unaweza hata kutaja mashine mahususi za mtu, profaili yake ishuke kwenye hizo tu na si kwenye kila anayoigusa. Kwa mkuu wa idara anayeingia mara moja kwenye mashine ya chini yake ili kuchapa barua, hiyo ni nafuu kubwa. Na kwa maabara ya shule, ambako unataka kila mwanafunzi akute kompyuta ilivyokuwa jana, kuna profaili ya lazima: faili ya NTUSER.DAT inabadilishwa jina kuwa NTUSER.MAN, na mabadiliko yote ya siku hupotea mtu anapotoka.

Tawi lililo mbali ni habari nyingine. Windows hupima kasi ya kiungo, na ikiwa chini ya kilobiti 500 kwa sekunde, kwa chaguo la awali, haishushi profaili bali hutumia nakala iliyopo. Usiwafanye wafanyakazi wa tawi la Kigoma waitegemee seva iliyoko Dar es Salaam. Wawekee yao, hata iwe mashine ndogo yenye Linux na Samba, ambayo tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012 inaweza kuendesha domeni ya aina ya Active Directory bila ada ya leseni.

Njia mpya zaidi zinajadiliwa sana, na zinarudi kwenye swali lilelile la kunakili au kuunganisha. FSLogix, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2018, huweka profaili nzima ndani ya faili moja ya diski pepe na kuiunganisha mtu anapoingia. Kuingia kunakuwa kwa sekunde chache hata profaili ikiwa na gigabaiti 20, kwa sababu hakuna kinachonakiliwa. Kwa ofisi ambayo watu wote wanafanya kazi ndani ya seva kwa njia ya deskitopu ya mbali, sioni sababu ya kutumia kitu kingine. Lakini kwa kompyuta za mezani zilizotawanyika, swichi ikizimika, diski hiyo imechomolewa mtu akiwa ndani.

OneDrive nayo hunakili: deskitopu, nyaraka na picha huhamia kwenye hifadhi ya mtandaoni na kurudi kwenye kila mashine. Inafaa, na inaondoa seva kabisa. Ila tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Katika siku kama zile, aliye kwenye mashine yake aliendelea na nakala alizokuwa nazo. Aliyekaa kwenye mashine ngeni alikuta majina ya faili, au hata majina hayapo. Yaani njia hii inamwangusha mtu yuleyule ambaye profaili inayohama ilibuniwa kwa ajili yake. Seva iliyo ndani ya jengo haijui kwamba waya wa baharini umekatika.

Limebaki suala la folda za walioondoka. Profaili ina mengi kuliko mwenyewe anavyodhani: nywila zilizohifadhiwa na kivinjari, funguo za siri ambazo Windows huzitunza ndani ya AppData\Roaming, picha za familia, barua ya maombi ya kazi nyingine, majibu ya vipimo yaliyopakuliwa haraka wakati wa chakula cha mchana. Nakala zake huweza kuwepo kwenye kila mashine aliyowahi kuikalia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake tangu 2019. Chini ya sheria hizi ofisi haiwezi kukaa na vitu hivyo kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuvifuta.

Kwenye mashine za kaunta na mapokezi, nakala ifutwe mtu anapotoka, mradi seva ni ya kuaminika na profaili ya muda imekatazwa. Kwenye nyingine, weka sera ya kufuta profaili ambazo hazijaguswa kwa siku 60 au 90 mashine inapowashwa upya. Na mfanyakazi akipewa barua ya kuondoka, aketi siku yake ya mwisho na mkuu wake mbele ya folda zake mbili, ya nyaraka na ya profaili. Za kazi zihamishiwe idarani. Zake binafsi achukue kwenye flashi. Kinachobaki kifutwe akiwa bado kwenye kiti, na afisa TEHAMA aandike tarehe kwenye daftari, wote watatu watie sahihi.